Maswali ya Karakana: Mtungi Huu Si wa Jikoni

Mwezi huu barua nyingi zimegusa kitu kimoja: asetilini, ile gesi ya mtungi wa rangi ya damu ya mzee tunayochomelea na kukatia chuma. Nimeyaweka kando maswali ya jenereta na ya kupulizia rangi, yatapata nafasi yake. Nimefundisha kuchomelea kwa gesi miaka mingi, na bado naona mafundi hodari, watu ninaowaheshimu kwa kazi zao, wanaushika mtungi huu kama wanavyoushika ule wa kuchemshia chai. Kwa hiyo leo nitakuwa na maneno mengi, mnivumilie.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mnyoosha bodi hapa Gerezani, Dar es Salaam. Mitungi yetu tunaifuata kwa guta, na kwa kuwa barabara ni mbovu tunailaza isianguke. Tukifika tunafunga reguleta, kile kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi, palepale tunaanza kazi, maana mteja yuko juu ya kichwa. Juzi mzee mmoja alitukataza, akasema mtungi ukitoka kulala sharti upumzike kwanza. Vijana wakamcheka. Je, ni kweli, au ni mambo ya wazee tu? Na mbona mtungi ukiisha bado unakuwa mzito vilevile?*

Marahaba, mwanangu. Vijana wamwendee huyo mzee wamwombe radhi. Alichosema ni kweli tupu, na jibu la swali lako la pili ndilo linaloeleza la kwanza.

Mtungi wa oksijeni ndani una oksijeni, basi. Huu wa asetilini ni kitu kingine kabisa. Chuoni tulikuwa na mtungi mkuukuu ambao wenye kiwanda waliutoa gesi yote, wakausafisha, kisha wakaupasua kwa urefu ili tufundishie. Kila mwaka wanafunzi wapya walipousogelea walitarajia kuona uwazi. Waliona kitu cheupe kilichojaa kuanzia kitako hadi shingoni, hakuna pa kupenyeza hata kidole. Kikavu. Ukikikwaruza kwa ukucha kinatoa unga kama chaki. Ukikitazama utasema ni jiwe, kumbe karibu asilimia 90 ya ujazo wake ni vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo vimenyweshwa asetoni, kimiminika kilekile ambacho akina dada hufutia rangi ya kucha, na gesi yenyewe imeyeyuka ndani ya asetoni hiyo.

Gesi ikiisha, lile jiwe na asetoni yake vinabaki. Ndiyo maana mtungi mtupu unakutoa jasho. Na ndiyo maana muuzaji mwaminifu anakupimia asetilini kwa mizani. Geji, ile saa ya kupimia kani, yaani msukumo wa gesi, inakupa picha tu, nayo inabadilika kwa jua na baridi: mtungi uleule utasoma juu zaidi Dar es Salaam mchana kuliko Makambako alfajiri, na hujaongezewa hata punje ya gesi.

Sasa rudi kwenye guta lako. Mtungi ukilala, asetoni inasogea kuelekea shingoni. Ukiusimamisha na kufungua koki hapohapo, gesi inatoka imeivuta asetoni. Inaingia kwenye reguleta na kulainisha raba za ndani, inashuka kwenye mpira wa gesi, inafika kwenye tochi ya kuchomelea, na moto unaanza kutema na kubadilika rangi. Hilo ni hasara ya vifaa. Kubwa zaidi ni kwamba kila tone la asetoni linalotoka linaacha gesi iliyobaki ndani bila kitu cha kuituliza. Fanya hivyo safari baada ya safari na utakuwa na mtungi ambao nje ni uleule, ndani si ule uliojazwa kiwandani.

Kwa hiyo: mtungi usafiri ukiwa umesimama, umefungwa mnyororo au kamba ngumu, kofia ya koki ikiwa juu yake, reguleta imevuliwa. Usafiri wa wazi, wala si ndani ya teksi au gari dogo lililofungwa vioo. Koki ikivuja kidogo tu ndani ya gari lililofungwa, cheche ya umeme wa kufungulia milango inatosha kuliripua. Ikitokea mtungi umelala, usimamishe uuache saa kadhaa. Ukiweza, usiku kucha. Mteja atakaa akisubiri. Na hata ukiwa umesimama vizuri, usiufyonze kwa pupa. Kanuni ya kazi yetu ni kutovuta zaidi ya sehemu moja ya saba ya gesi ya mtungi kwa saa. Mtungi wa kilo 7, basi kilo 1 kwa saa. Ukifunga nozo, ile ncha ya tochi, kubwa ya kupashia chesisi kwenye kimtungi kidogo, asetoni inakuja nayo tena, hata kama hukuulaza kamwe.

Niongeze jambo moja la historia, kwa sababu naona vijana wanadhani sheria hizi zilitungwa na watu wa ofisini. Miaka ya 1890 watu wa Ulaya na Marekani walijaribu kuishindilia asetilini tupu kwenye mitungi kama gesi nyingine, ikawalipukia na kuua. Mwaka 1897 Wafaransa wawili, Georges Claude na Albert Hess, walionyesha kuwa ikiyeyushwa ndani ya asetoni inatulia. Aliyekamilisha ule ujazo mweupe uweze kustahimili mitikisiko ya safari, mwaka 1906, ni Msweden Gustaf Dalén. Yeye hakuwa anafikiria kuchomelea. Alitaka taa za kuongozea meli zisizohitaji mtu wa kuziwasha kila jioni, na kwa kazi hiyo ya taa alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Mwaka huohuo mlipuko wa asetilini katika majaribio yake ulimpofusha macho yote mawili. Tuzo ikapokelewa na ndugu yake. Dalén aliendelea kuiongoza kampuni yake akiwa kipofu hadi alipofariki mwaka 1937. Ikiwa gesi hii ilimfanyia hivyo mtu aliyeijua kuliko wote, sisi tusimcheke mzee wa Gerezani.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa kuchomelea, Mwanza. Geji ya mtungi inaonyesha kani ya bar 17 (bar 1 ni karibu sawa na msukumo wa hewa ya kawaida), lakini kwenye geji ya pili ya reguleta kuna mstari mwekundu kuanzia bar 1.5 na mwalimu wetu hataki tuufikie. Rafiki yangu anasema ni kuogopa tu, kwa sababu kama mtungi unabeba bar 17 basi mpira mpya hauwezi kushindwa na bar 2. Nani ana haki?*

Mwalimu wenu. Rafiki yako amefikiri, nampa sifa hiyo, ila amefikiria mpira. Mpira haupasuki. Kinachopasuka ni gesi yenyewe.

Gesi ya kupikia inahitaji hewa ndipo iungue. Ndani ya mtungi wake, bila hewa, hata ukiitisha namna gani haiungui. Asetilini haiko hivyo. Kila chembe yake ni atomi mbili za kaboni na mbili za haidrojeni, na zile kaboni zimeshikana kwa vifungo vitatu vilivyobanwa kwa nguvu nyingi. Ikipata mshtuko au joto ikiwa na kani ya kutosha, vifungo vinaachia vyenyewe: gesi inavunjika kuwa masizi na haidrojeni, na inatoa joto kubwa bila kuomba hewa hata kidogo. Joto la chembe moja linavunja ya jirani, na mpasuko unakimbia ndani ya bomba. Mpaka ambao mafundi wa dunia nzima wamekubaliana kuuheshimu kwa asetilini isiyoyeyushwa ni kiasi cha bar 1 hadi 1.5 juu ya hewa ya kawaida. Kwenye geji za Kimarekani utaona 15 kwa vipimo vyao. Ndani ya mtungi inakubali bar 17 kwa sababu iko ndani ya asetoni, imegawanywa kwenye vitundu vidogo kiasi kwamba mpasuko ukianza hauna nafasi ya kukimbia. Ikishatoka kwenye reguleta haina ulinzi huo. Iko huru kwenye mpira, nao mpira uko kwenye mkono wako.

Kazi nyingi za karatasi za bati na bodi hazihitaji hata nusu bar. Fundi anayepandisha kani ili moto uwe mkali hajui kuchagua nozo.

Na kwa kuwa wewe ni mwanafunzi, nikupe tarakimu mbili za kukaa nazo. Gesi ya kupikia inashika moto ikiwa kati ya asilimia 2 na 10 hivi ya hewa iliyomo chumbani. Ikizidi hapo, hewa haitoshi na haiwaki. Asetilini inaanza kwenye asilimia 2.5 na inaendelea kuwaka hadi kupita asilimia 80. Yaani karibu mchanganyiko wowote unaoweza kuupata kwenye karakana ni mchanganyiko unaolipuka. Na cheche inayohitajika ni ndogo zaidi ya mara kumi kuliko ile inayowasha gesi ya kupikia. Shati la nailoni likisuguana vizuri siku ya kiangazi linaweza kuitoa.

Sasa geuka uangalie upande mzuri, maana sitaki uichukie. Washa asetilini peke yake na uangalie: moto wa njano, mvivu, nyuzi nyeusi za masizi zinaelea hadi kwenye bati la paa. Fungua oksijeni taratibu. Njano inarudi ndani, unatokea unyoya mweupe, unyoya unafupika, unafupika, mpaka unazama kabisa ndani ya ile ncha kali ya buluu na nyeupe. Hapo simama. Umefika kwenye moto sawia, karibu nyuzi 3,100 za sentigredi, na chuma chetu cha kawaida kinayeyuka kwenye 1,500 hivi. Ukiacha unyoya kidogo unatia kaboni kwenye mshono. Ukizidisha oksijeni ncha inafupika na kupiga mluzi, unauchoma mshono. Jicho lako lijifunze hilo kabla mkono haujajifunza kitu kingine.

Ukisikia tochi inapiga mapopo na moto unazama ndani ukiwa na mluzi mkali, umerudi nyuma. Funga oksijeni kwenye tochi, halafu asetilini, kisha koki za mitungi yote miwili. Usijaribu kuiwasha tena mpaka ujue sababu. Hapa ndipo nawaomba wenye karakana, kwa heshima zote: nunueni vile vizuizi vya moto unaorudi, mafundi wanaviita aresta, kimoja kwenye kila reguleta. Naingia karakana zenye kompresa mpya na redio kubwa ukutani, na kwenye mtungi wa asetilini hakuna aresta. Hilo linaniuma. Kijana anayeshika tochi hapo ni mtoto wa mtu.

Koki ya asetilini ifunguliwe polepole, mzunguko mmoja na nusu usizidi, na ufunguo wake ubaki palepale juu ya koki wakati wote wa kazi. Siku ya hatari hutakuwa na muda wa kuutafuta kwenye sanduku la spana.

*Habari Mwalimu. Mimi ni fundi wa friji, Mombasa. Mpira mwekundu wa asetilini ulipasuka katikati, nikaunga kwa kipande cha bomba la shaba na kuukaza kwa klipu mbili. Haivuji, nimejaribu kwa povu la sabuni. Kuna ubaya?*

Ndugu yangu, ubaya uko, na ningependa usome hapa kisha uende ukafunge koki kabla hujamaliza ukurasa.

Shaba na asetilini vikikaa pamoja, hasa pakiwa na unyevu, vinazaa kitu kiitwacho asetilaidi ya shaba. Kinajijenga taratibu kwenye ukuta wa ndani wa bomba, ukoko wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Ukikauka, ukoko huo unalipuka kwa kugongwa, kwa kukwaruzwa, au kwa joto dogo. Kiasi chenyewe kinaweza kuwa kidogo, lakini kiko ndani ya gesi ambayo nimetoka kumweleza kijana wa Mwanza kuwa inasubiri mshtuko tu. Fedha na zebaki nazo vivyo hivyo. Ndiyo sababu kwenye njia ya asetilini hutakuta bomba la shaba tupu. Shaba nyeupe iliyochanganywa na zinki inaruhusiwa kwenye reguleta na tochi kwa kuwa kiwango cha shaba ndani yake kimedhibitiwa, kisipite asilimia 65 hadi 70. Bomba lako la friji ni shaba karibu tupu.

Funga mtungi. Toa gesi iliyobaki kwenye mpira ukiwa nje, mbali na moto wowote. Usilikate lile bomba kwa msumeno wala kuligonga kuona ndani kukoje: lilowe maji, lilegeze taratibu likiwa limelowa, ulizamishe kwenye ndoo ya maji, na umwite mtu wa kampuni inayokujazia gesi akushauri pa kulipeleka. Mpira wenyewe utupe. Wa asetilini ni mwekundu, na nati zake zina mikato kwenye kona na zinakazwa kwa kuzungusha kushoto, ili hata fundi aliyechoka asiweze kuuchomeka kwenye oksijeni. Aliyebuni hilo alikuwa anatufikiria.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, Tanga. Karakana ya jirani hawana mtungi wa gesi, wana pipa wanalotia vijiwe vya kijivu na maji. Kuna harufu kali kama ya kitunguu saumu kilichooza inaingia hadi jikoni, na uji mweupe wanaumwaga uchochoroni watoto wanachezea. Vijiwe hivyohivyo nasikia wachuuzi wanaivishia ndizi. Nina haki ya kuogopa?*

Marahaba mama. Unayo, na umeandika vizuri kuliko mafundi wengi wanaoniandikia.

Vijiwe hivyo ni kabaidi ya kalisi. Hutengenezwa kwa kuchoma chokaa na koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa (si koki ya mtungi), kwenye tanuri la umeme, ufundi uliogunduliwa mwaka 1892 na Thomas Willson huko North Carolina, Marekani. Kikigusa maji kijiwe kinachemka na kutoa asetilini. Kilo moja inatoa lita 300 hivi. Zamani taa za baiskeli na taa za wachimba migodi ziliwaka kwa njia hiyo, na watu wazima wengi wanazikumbuka. Asetilini safi haina harufu ya kukera. Harufu unayoinusa inatokana na uchafu uliomo kwenye kabaidi, hasa fosfini, nayo ni sumu. Asetilini yenyewe, hata bila fosfini, inalewesha: miaka ya 1920 huko Ujerumani madaktari waliitumia kuwalaza wagonjwa wa upasuaji, ikaachwa kwa sababu ilikuwa inalipuka. Kwa hiyo mtoto akilalamika kichwa na kizunguzungu siku ambazo pipa linafanya kazi, mtoe nje kwenye hewa na umwone daktari, usimwambie anadeka.

Ule uji mweupe ni chokaa iliyolowa. Unachubua ngozi na ukiingia machoni unaweza kuharibu jicho, kwa hiyo jicho lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika nyingi huku mnatafuta usafiri wa kwenda hospitali. Tena unaweza kuwa na vijiwe visivyoisha, vinaendelea kutoa gesi humohumo uchochoroni. Mtu akitupa kipisi cha sigara hapo, utasikia.

Pipa la kienyeji ndilo linalonitisha kuliko yote. Mara nyingi halina geji, halina mahali pa kutolea kani ikizidi, na moto ukirudi kutoka kwenye tochi unaingia kwenye pipa zima. Wapo waliokufa hivyo katika nchi zetu, wengine wakiwa vijana waliotumwa kuongeza maji tu. Kuna mahali pa kupeleka malalamiko. Tanzania kuna Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina maafisa wa ukaguzi. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, uende na majirani wawili watatu, mzungumze na mwenye karakana kwa adabu kwanza. Mimi nimeona wakibadilika wakielezwa. Mwambieni pia kabaidi yake iwe kwenye bati lililofungwa, mahali pakavu, juu ya kichanja, na asifungue bati jipya kwa nyundo na tindo za chuma, maana likiwa limeingiwa na unyevu ndani kuna gesi tayari. Na ikiwaka moto pale penye kabaidi, mchanga mkavu. Maji yanaongeza.

Kuhusu ndizi: asetilini inaivisha kwa kuwa inafanana na ethilini, gesi ambayo tunda lenyewe hutoa likikomaa. Shida ni ileile ya uchafu, fosforasi na hata aseniki, vinavyoweza kubaki kwenye ganda na mikono ya muuzaji. India imeipiga marufuku kabaidi kwenye matunda kwa kanuni za mwaka 2011. Bibi zetu walivundika ndizi shimoni kwa majani na moshi, na moshi huo una ethilini ndani yake. Mimi nanunua za kuvundikwa, naosha, namenya.

*Fundi wa jua kali, Nakuru. Wiki jana moto ulirudi, na mtungi wa asetilini ukapata joto mabegani, mpaka mkono hauwezi kugusa. Tuliufunga, tukaumwagia ndoo za maji, ukapoa baada ya dakika kumi, tukaendelea na kazi hadi jioni. Bosi anasema tulifanya vizuri. Naomba maoni yako.*

Mliufunga, mlifanya vizuri. Baada ya hapo mngekimbia.

Mtungi wa asetilini uliopata joto kwa moto uliorudi unaweza kuwa umeanza ule mvunjiko ndani, na mvunjiko hauhitaji hewa wala moto wa nje. Lile jiwe jeupe limewekwa ili liuzuie, na mara nyingi linafaulu. Lakini mtungi unaweza kupoa kwa nje huku katikati bado kuna joto, na ukawaka tena baadaye. Ishara za kuangalia ukiwa mbali: rangi inafanya malengelenge, ama ukiumwagia maji unyevu unakauka upesi au unafuka mvuke. Hapo bado kuna joto ndani.

Utaratibu ni huu. Kama koki inafikika bila kuingia motoni, ifunge. Usiifungue kupunguza gesi, usiusogeze mtungi, usiuangushe, usiubebe kwenda nje. Toa watu wote, na majirani, hadi mita 200 kama inawezekana. Kwenye mitaa yetu iliyobanana angalau kuwe na kuta kadhaa kati yenu na mtungi. Ita zimamoto: Tanzania namba 114, Kenya 999 au 112. Waambie kwa sauti kwamba ni *asetilini*, maana watakuja kwa namna nyingine wakilijua hilo. Maji yamwagwe mengi, kwa mpira mrefu, na mtu aliyejificha nyuma ya kitu kizito, si kwa ndoo na mtu amesimama pembeni. Wazimamoto wa Uingereza hupoza mtungi kama huo saa nzima, kisha wanakaa saa nyingine wakiuangalia kabla ya kumruhusu mtu kuusogelea. Ninyi mlikaa dakika kumi.

Mtungi ule usitumike tena. Ufunge, uandike kwa chaki kubwa UMEPATA MOTO, uache wima mahali pa wazi, na muwaite wauzaji waje wauchukue wenyewe wakijua kilichotokea. Ukiurudisha kimyakimya kubadilishwa, unamkabidhi fundi mwingine kifo chake, na hata jina lake hutalijua. Onyesha bosi barua hii. Kama atakasirika, mwambie imetoka kwangu.

*Mwalimu, nakata vyuma chakavu Morogoro. Asetilini imepanda bei. Naweza kutumia gesi ya kupikia na oksijeni?*

Kukata, unaweza, na wengi wanafanya. Moto wake na oksijeni ni nyuzi 2,800 hivi, kwa hiyo utakaa zaidi ukipasha mwanzo wa mkato na utakula oksijeni nyingi zaidi. Piga hesabu ya mitungi yote miwili kabla hujasema umeokoa. Kuchomelea chuma kwa gesi hiyo, hapana, mshono hautashika inavyotakiwa. Nozo ni tofauti na ya asetilini, reguleta ni yake, na mpira uwe ulioandikwa kuwa unafaa gesi ya kupikia, kwa sababu mpira wa asetilini unaliwa nayo taratibu kwa ndani.

Jambo la kubadilisha kwenye karakana yako ni matundu ya hewa. Asetilini ni nyepesi kidogo kuliko hewa, ikivuja inapanda na kukaa chini ya bati. Gesi ya kupikia ni nzito, mara moja na nusu hadi mbili ya hewa. Inatambaa sakafuni na kutafuta shimo. Kama una shimo la kukagulia magari, mtungi ukae mbali nalo kabisa, na utoboe matundu ya chini ukutani, usawa wa sakafu, uyaache wazi mchana na usiku.